Kizibo cha Kayaki ya Njano

Hebu niambie wewe, ukikuta kijana amekufa maji na umati mzima unakuonyesha muuaji kwa kidole, utatazama kidole au utatazama chombo alichopanda marehemu?

Sajenti Oliva wa polisi Newala alitazama kidole. Ndiyo maana Jumamosi ile, saa nne asubuhi, alimtia pingu Gasper, mvuvi wa Ziwa Namkongo, ziwa lililo chini ya mteremko, upande wa Mto Ruvuma. Mahmudu, kijana aliyekuwa akiongoza wageni wa matembezi ya kutwa kwa kayaki, alikuwa amelazwa mchangani, amefunikwa kitenge hadi usoni. Wiki iliyotangulia kayaki hizo zilipita juu ya nyavu za Gasper zikazichana, naye akaapa mbele za watu kwamba ipo siku atamzamisha mtu. Nani angetaka ushahidi zaidi?

Watu walitaka kuichoma nyumba yake. Oliva akaweka askari mlangoni kwa Gasper, kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu, akarudi kwenye kile chombo.

Kilikuwa cha plastiki ya njano, cha viti viwili, tumbo lake wazi ndani kama dumu. Kwa nyuma kina tundu dogo la kutolea maji yaliyoingia ndani, ambalo huzibwa kwa mpira mweusi. Mpira haukuwepo. Mahali pake palichomekwa kipande cha gunzi la mahindi, kimechongwa vizuri, kimeviringishiwa utepe wa tyubu ya baiskeli. Kilikuwa kimelowa, kimelainika kama mkate uliochovywa kwenye chai.

"Hii kazi yako, Nurdin?" alimwuliza mwenye kayaki.

"Gunzi? Afande, chombo kama hiki mimi nikizibe kwa gunzi? Jana saa kumi alasiri nilikagua vizibo vyote kwa mkono wangu. Vilikuwepo."

"Na baada ya hapo nani analinda?"

Nurdin akainamisha kichwa. "Hakuna. Mtu aibe kayaki aipeleke wapi, Newala mjini?"

Queen, mgeni aliyeokoka, muuza vitenge wa Mkomaindo kule Masasi, alikuwa amejikunyata kwenye kivuli cha gari, meno yanagongana na jua linawaka.

"Tulipotoka ukingoni ilikuwa sawa kabisa," alisema. "Tulipofika katikati nikamwambia, kaka, mbona tumekaa chini hivi? Akacheka, akasema ni uzito wa chapati zangu. Mara ikalala ubavu. Jaketi langu la kuelea kifungo chake kikakatika. Akavua la kwake akanivisha. Ndani ya maji, afande! Akanivisha kama mtoto anayepelekwa shule."

Saa nane mchana, Oliva aliliweka lile gunzi mezani mbele ya Gasper, kituoni.

"Ulilichonga wewe?"

Gasper, pamoja na pingu zake, akacheka. "Afande, mimi nikitaka kumzamisha mtu natoboa kwa tindo, nimalize. Na nikiziba mtumbwi naziba kwa tambara na ulimbo. Gunzi la nini? Sisi maji yako mlangoni, tunachota kwa ndoo. Ninyi watu wa juu ndio mnaoyabembeleza kwenye madumu kama vifaranga."

"Chunga mdomo wako."

"Niuchunge wa nini, na keshokutwa mnanisomea mauaji?"

Oliva alilitazama tena lile gunzi. Alikuwa amezaliwa Kitangari, juu kabisa, ambako maji hufuatwa mbali. Kule kifuniko cha dumu kikipotea, watu huchonga gunzi. Na wanaopakia madumu kwenye baiskeli huliviringishia utepe wa tyubu lisichomoke njiani. Hata hivyo huvuja polepole, kupitia kwenye moyo wake laini. Magunzi ya namna hiyo ameyashika tangu hajaanza shule.

Na marehemu Mahmudu alikuwa mtu wa Kitangari.

Jumapili saa tisa alasiri alifika msibani. Maziko yalikwisha jana yake. Mama yake Mahmudu alishatangulia zamani, kwa hiyo msiba uliwekwa kwa Husseni, kaka wa mama huyo, mjomba aliyemlea. Nyuma ya nyumba madumu ya maji yalipangwa ukutani, kila moja na gunzi lake, kila gunzi na utepe wake. Pembeni iliegemezwa baiskeli. Udongo wa Kitangari ni mwekundu, lakini matairi yale yaliganda tope jeusi.

"Shikamoo, mzee Husseni. Pole sana kwa msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa."

"Madumu haya ya nani?"

"Yangu. Najibebea mwenyewe. Nina nani wa kunibebea?"

"Na ziwani kule hushuka mara moja moja?"

"Mimi? Sijalitia machoni hilo ziwa." Mzee akaivuta kofia yake hadi kwenye nyusi. "Alikuwa mbishi yule mtoto. Kwa nini aende mbali? Pale wanapopandia maji hayafiki hata magotini. Mtu akizama pale anasimama tu, anatoka."

Upande wa jikoni wanawake walikuwa wanasugua masufuria. Oliva alisubiri kelele zipungue.

"Mzee wangu, umejuaje kina cha maji ya pale?"

"Nimesikia watu wakisema."

"Na hilo tope jeusi la bondeni ziwani, nalo lilisikia watu likaja kupanda baiskeli yako?"

Oliva akatoa gunzi kwenye bahasha. "Kesho Gasper anafikishwa mahakamani kwa mauaji. Ana mke, ana watoto, nyumba yao nimeiwekea askari isichomwe. Nikamwambie nini?"

Mzee aliketi juu ya dumu. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu, akatoa mpira mweusi.

"Nilishuka Ijumaa, baada ya kuswali alasiri. Kayaki yake naijua, alinionyesha kwenye simu. Mimi nikipakia dumu na gunzi bovu, sijafika hata kwenye kona, mgongo umeshalowa. Nikajua na hii, nikiichomeka gunzi, itajaa hapo hapo ukingoni. Wageni waloe, wanune, waende zao. Yeye aone aibu, aiache kazi ile."

"Dumu maji yanatoka, mzee, unayaona. Kwenye kayaki yanaingia. Hayaonekani mpaka yamejaa."

"Sikujua." "Sisi huku hatujazoea kuogopa maji yakiingia."

Oliva alisogea kando, akapiga simu kituoni Gasper afunguliwe. Aliporudi, mzee alikuwa hajaondoka juu ya dumu.

"Ulitaka arudi alime mikorosho?"

"Ndivyo nilivyokuwa namwambia. Kila nikimpigia: magugu yamejaa, palizi, palizi. Mwishowe akasema, mjomba, nitakutumia vibarua. Na akawatuma kweli." Akauminya ule mpira kiganjani. "Nenda ukaone. Shamba jeupe, halina hata jani la magugu."

"Sasa ulikuwa unataka nini?"

Oliva akachuchumaa mbele yake, asiharakishe.

"Nilitaka aje akae na mimi," alisema mzee. "Basi. Akae na mimi."