Tundu Chini ya Ubao

Kila Jumamosi, akishatoka madrasa na kula chakula cha mchana, Siham alifuatana na shangazi yake hadi bwawa la mifugo nje ya mji wa Isiolo. Kazi yake huko ilikuwa kupiga pampu. Alishika mpini kwa mikono miwili, akasukuma juu na chini mpaka ushungi ukalowa jasho, na kile kitu kilichokuwa kimekunjwa kama mkeka kikanyooka, kikavimba, kikawa ubao mgumu wa kuelea majini, mrefu kuliko kitanda.

Shangazi yake aliitwa Sirad. Siham alimwita Eedo, na kama ilivyo desturi ya Wasomali, naye alimwita Siham vivyo hivyo, "eedo". Eedo alikuwa mhudumu wa afya wa jamii. Mvua zikinyesha, laga, ule mto mkavu ulio karibu na kituo chake, hujaa maji, na watu wa ng'ambo hukosa dawa. Rafiki yake wa Naivasha alipompa ule ubao, Eedo aliona njia. Mtu husimama juu yake akapiga kasia, hupiga magoti akitaka, na mbele kuna kamba za kufungia mzigo.

"Tutaujaribu kwanza," alisema. "Maji matulivu, maji ya upepo, na maji yanayotembea. Dawa ya mtu haivushwi kwa kubahatisha."

Maji matulivu hayakuwasumbua. Siham, aliyejua kuogelea na aliyevaa jaketi la kuelea, alisimama miguu ikitetemeka kama ya ndama, akaanguka, akacheka, akasimama tena. Jumamosi iliyofuata upepo wa alasiri ulivuma kutoka upande wa milima. Ubao ulizunguka ovyo mpaka Eedo alipopiga magoti.

"Umeona?" alimwambia Siham. "Upepo ukija, jishushe."

Kisha Eedo akaenda kutawadha kwa ajili ya swala. Kabla ya kuondoka, alirudia lile alilolisema kila mara: "Ubao hubebwa, hauburutwi. Na mtu haingii majini peke yake."

Kananu, rafiki yake Siham kutoka shuleni, alikuwa amekuja kutazama siku hiyo.

"Sijakuona ukisimama hata mara moja," Kananu alimtania.

"Ngoja uone!"

Siham alishika ncha ya ubao. Ulikuwa mzito, na Eedo asingekawia kurudi, kwa hiyo akauburuta kwenye mchanga kuelekea majini. Hakufika mbali. Alisikia sauti nyembamba, tss. Alipougeuza, aliona mwiba wa mgunga umezama chini ya ubao.

"Siham, mwambie," Kananu alisema, macho yamemtoka.

"Nikimwambia hatanileta tena."

Aliuchomoa mwiba, akatoa plasta katika sanduku la dawa la Eedo, akaibandika juu ya tundu na kuibonyeza kwa kidole gumba. Eedo aliporudi, Siham alikuwa ameshafungua valvu na anaukunja ubao.

"Leo una haraka, eedo," shangazi alisema akitabasamu.

Siham hakumtazama usoni.

Wiki hiyo mvua ilinyesha. Jumamosi, Siham alipotoka tu madrasa, simu ya Eedo ililia. Alikuwa Ado, mama aliyeishi ng'ambo ya laga. Mtoto wake alikuwa anaharisha tangu jana na amelegea. Eedo alimwelekeza ampe maji safi na kuendelea kumnyonyesha, kisha akafunga dawa na pakiti za chumvi ya kuchanganya na maji katika mfuko usiopenya maji.

Walipofika kwenye laga, mafuriko yalikuwa yamepungua, lakini maji mekundu bado yalimfika mtu mzima kifuani. Maji yanayotembea walikuwa bado hawajayajaribu, kwa hiyo Yattani, mfugaji wa hapo, alikuwa amefunga kamba toka mti wa huku hadi mti wa ng'ambo, ili Eedo aishike akivuka. Siham alipiga pampu. Ubao ukawa mgumu kama siku zote. Labda plasta imeshika, alijiambia. Ng'ambo, Ado alisimama na mtoto mgongoni, akiwapungia mkono.

Eedo alifunga mfuko wa dawa, akavaa jaketi, akaingia majini hadi magotini. "Bismillahi," alisema.

"Eedo, usipande!"

Sauti ilimtoka Siham kabla hajaipanga. "Una tundu! Niliuburuta, mwiba ukauchoma. Nimebandika plasta tu."

Yattani alishusha macho. Eedo alirudi nchi kavu, akaugeuza ubao. Plasta ilikuwa imening'inia upande mmoja, na povu dogo lilichemka pale ilipobanduka.

Siham alingoja kukaripiwa. Badala yake Eedo alitoa gundi na kiraka kwenye mfuko wa ubao. "Shika hapa," alisema. Walitoa upepo, wakapakausha, wakapaka gundi, wakabandika kiraka. Kisha ikabidi kungoja. Kungoja huko ndiko kulikomuumiza Siham, kwa maana ng'ambo Ado alikuwa amekaa chini na kumpakata mtoto, naye Siham alijua wanangojea kosa lake.

Gundi ilipokauka walijaza upepo tena, wakamwagia tundu maji. Hakuna povu lililotokea. Eedo alivuka kwa magoti, mkono kwenye kamba, maji yakimsukuma bila kumshinda. Alikaa muda mrefu na mtoto, akimnywesha kijiko kwa kijiko.

Aliporudi alikuta Siham analia kimya.

"Mtoto?"

"Amekunywa na amefungua macho. Dalili zikizidi, kuna gari la kumpeleka hospitali upande ule."

"Nilimchelewesha, Eedo."

"Ndiyo, ulimchelewesha," Eedo alisema, wala hakuificha. Alikaa kando yake mchangani, akamfuta machozi kwa pindo la mtandio wake. "Kama ungeniambia Jumamosi ile, tungeziba siku hiyo hiyo, na leo Ado asingengoja. Lakini kama ungenyamaza na leo, ubao ungezama na dawa zake."

"Hutanileta tena?"

"Nitakuleta, na wewe ndiye utakayeukagua ubao kabla sijapanda. Nimeona kwamba unaweza kusema ukweli hata ukikuuma." Alimvuta karibu. "Kila siku nawaambia wagonjwa wangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Kosa nalo ni hivyo hivyo, eedo. Lilete mapema, lingali dogo, tulitibu pamoja."

Siham aliegemeza kichwa begani kwake. Ng'ambo ya maji, mtoto wa Ado alianza kulia kwa nguvu, na mama yake akacheka kwa furaha.