Kambere Halazwi Chini

Béata alikimbia vita na mwanawe Kambere, wa miaka minne. Sasa waliishi chini ya shitingi, turubai la plastiki, kambini Bulengo, pembeni mwa Goma. Alichota maji mtoto akiwa begani. Alisonga bugali mtoto akiwa begani. Hata kulala, alilala ameketi, amemkumbatia wima.

"Mama Kambere, muweke chini, nawe upumue," jirani yake Farida alimwambia.

"Hapana! Chini kuna mazuku. Unasahau mbuzi yako?"

Wewe unayesoma, usicheke. Mazuku ni hewa mbaya itokayo ardhini kwetu. Haionekani, hukaa mabondeni, na huua kweli. Mbuzi wa Farida alikutwa shimoni amekufa, macho wazi, bila kidonda. Tangu siku ile Kambere akilazwa alikabwa, akiinuliwa alipumua. Ungefikiri nini?

Kisha midomo ya mtoto ikaanza kuwa ya buluu. Farida akafoka: "Mupeleke hospitali, asikufie mikononi!"

Hospitalini, Docteur Angèle alikuwa akifundisha wanafunzi wa udaktari kupima wagonjwa kitandani kwa mashine ndogo ya ekografi, inayoonyesha ndani ya mwili. Mwanafunzi mmoja, Jephté, alimlaza Kambere. Mtoto akatoa macho, akakosa hata pumzi ya kulia.

"Muinue!" Béata akapiga kelele. "Inamufwata mpaka huku!"

Angèle akamrudisha mtoto kifuani kwa mama yake. "Mama, mazuku hukaa chini kabisa. Kitanda kiko juu, na sisi wote tunapumua. Kinachomkaba kiko ndani yake."

Béata akamkaza mtoto kifuani. Angèle akamgeukia mwanafunzi wake.

"Jephté, mtoto akikataa kulala, usimlazimishe. Anakuambia kitu. Mpime hapo hapo alipo."

Jephté akapaka mafuta baridi mgongoni, akatelezesha kifaa. Kioo cha mashine kikawa cheusi. Ndani ya weusi ule kitu kidogo kilipunga, kama mkono unaoita.

"Yesu Maria! Kuna mutu ndani!"

"Ni pafu lake, mama. Weusi ni maji. Yamezunguka pafu. Akilala yanamkandamiza, akikaa yanashuka."

"Na hii mashine, haichukui roho?"

"Haiumi wala haichukui kitu. Inaonyesha tu."

Jephté akatia alama penye maji. Angèle akachoma sindano pale pale. Maji ya manjano yakajaza chupa, na midomo ya Kambere ikarudi rangi yake. Vipimo vikaonyesha kifua kikuu, akaanzishiwa dawa.

Waliporudi kambini, Farida na wenzake walikuwa wamezungushia miiba lile shimo. Mazuku bado iko, na Béata hakuisahau. Aliinua kitanda cha mbao juu ya mawe, akamwambia kila mama: "Mutoto akikabwa akilala, usingoje. Kimbia hospitali."

Kisha akamlaza Kambere chali. Akatega sikio mdomoni mwake. Anapumua. Béata akatazama mikono yake, mitupu kwa mara ya kwanza tangu vita. Ilimtisha kidogo. Akajinyoosha kando ya mwanawe, akalala.