Nyongeza ya Mgeni

Jumatatu ile niliacha maharage mekundu jikoni yakiiva kwa moto mdogo, nikapanda tuta la kuuzuia mto kwenda kumpokea Ferdie. Mume wangu ni mpishi hotelini ng'ambo ya mto, na kila jioni hurudi kwa feri kwetu Algiers, mtaa wa ukingo huu. Goti lake la kushoto ni bovu, na kiburi chake ni kizima kabisa. Nisipokuwepo kumshika mkono, atashuka ngazi za tuta kama kijana, na ataanguka.

Ilikuwa Februari. Ukungu ulikuwa umeulalia mto wote. New Orleans, ambayo siku nyingine tunaiona yote kutoka tutani, majengo yake na taa zake, siku hiyo ilikuwa weupe mtupu.

Nilikuwa na kikapu changu cha kazi. Mimi huwatembeza wageni, nawaeleza mji, na mwisho wa safari kila mmoja nampa kashata ya njugu za pekani juu ya kile alicholipia. Hiyo ndiyo nyongeza. Kwetu muuzaji asiyetoa nyongeza husemwa mpaka kanisani. Lakini siku hiyo wageni walikuwa wengi, na kikapu kilikuwa kitupu.

Harufu ndiyo niliyoisikia kwanza.

Ilikuwa harufu ya nyumba iliyokaa na maji ya mafuriko, kisha mlango ukafunguliwa. Mtu wa hapa akiinusa mara moja, haisahau. Nikageuka. Kwenye benchi alikaa mwanamume mwembamba aliyevaa koti jeusi, mikono magotini. Koti lilikuwa likichuruzika... na mvua haikuwa imenyesha.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo. "Mimi mgeni. Nieleze mji."

"Nimeshafunga kazi, mwanangu. Njoo kesho."

"Nitalipa."

Feri haikuwa imefika. Na mimi mdomo wangu unajulikana Algiers nzima: ukitaka ninyamaze, labda nilale. Nikakaa, ila mwisho kabisa wa benchi.

"Haya. Kwanza, kaskazini na kusini sahau. Mto umejikunja, jua lenyewe linachomozea huku kwetu, tunakokuita Ukingo wa Magharibi, sasa dira itakusaidia nini? Hapa kuna upande wa mto na upande wa ziwa. Juu ya mto na chini ya mto. Basi."

"Upande wa mto," akarudia polepole. "Upande wa ziwa."

"Mvua ikikolea, gari lipandishe kwenye majani katikati ya barabara, lisimezwe na maji. Usingoje kuambiwa. Jumatatu tunakula maharage na wali. Meli ukiiona inapita juu ya kichwa chako usishangae, mto uko juu, sisi tuko chini. Na wafu wetu hatuwachimbii. Tunawaweka kwenye vyumba vya matofali, maana ukiwafukia maji yanawatoa."

"Hilo nalijua," akasema.

Nilicheka. Sijui kwa nini nilicheka, maana mwili ulikuwa umeanza kunisisimka. Kila neno nililolitoa alilirudia kwa kunong'ona, akimeza mate baada yake kama mtu mwenye njaa. Halafu akauliza swali ambalo mgeni yeyote hajawahi kuniuliza.

"Mtu wa hapa akishuka kwenye feri... anapita wapi mpaka afike kwake?"

Hapo ndipo nilipoponzwa na mazoea. Nikamweleza njia ya Ferdie, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nayo kichwani. Nikamwambia ngazi gani imevunjika, airuke. Nikamwambia mbwa wa jirani yetu, Bi Ozema, habweki ukimwita kwa jina, na jina lake ni Bosco. Halafu nyumba ya njano, ile ambayo dari ya baraza yake imepakwa buluu ili pepo wadhani ni maji wasivuke. Mlango unakwama, usukume kwa bega.

"Kwa bega," akarudia.

Honi ya feri ikalia ndani ya ukungu. Yule mtu akasimama, akanipa noti iliyolowa chapachapa. Nikaipokea kwa ncha za vidole. Nilidhani ataondoka.

"Na nyongeza yangu?"

Hajui mto unakoelekea, hajui tunakula nini, lakini nyongeza anaijua! Nikamwonyesha kikapu. Aibu ikanishika, ile aibu ya muuzaji, nikasema kama tunavyosema sote tukiwa hatuna kitu:

"Leo sina, mwanangu. Chagua mwenyewe."

Akageuza uso taratibu kuelekea majini. Taa za feri zilikuwa zimeanza kuonekana.

"Yule," akanong'ona. "Mwenye goti bovu."

Sikuwa nimemwambia habari ya goti.

Injini ya feri ikazima.

Nikasikia mto peke yake. Taa zikaanza kwenda upande, zikiteremka na mkondo, polepole... polepole. Ndani ya ukungu mwanamke akapiga kelele. Nilijua Ferdie yumo humo, amesimama karibu na mlango kama kawaida yake ili awe wa kwanza kushuka. Lakini mimi ni binti wa wachuuzi, na hofu yangu ikatoka kwa njia ya ugomvi.

"We! Sikiliza! Nyongeza ni ya kile ulichonunua! Anunuaye kashata haongezwi kuku! Mimi nimekuuzia mji kwa mdomo. Mtu sikukuuzia!"

Akanitazama. Maji yalimtoka nywelani, yakapita juu ya macho yake wazi, wala hakupepesa.

"Ni haki, mama," akasema. "Nitachukua nyongeza ya kilekile ulichoniuzia."

Injini ikaunguruma. Taa zikarudi njiani. Nilipogeuka, benchi lilikuwa tupu, limelowa.

Nitasema kweli: nilijisifu. Nilisimama pale tutani nikilia na kucheka, nikijiambia, Earline, umemshinda shetani kwa mdomo wako.

Watu wakashuka. Ferdie akatoka wa mwisho. Alisimama gatini akitazama kushoto, akatazama kulia. Nikamkimbilia, nikamkumbatia kwa nguvu. Alikuwa na joto, alikuwa mzima, alinuka vitunguu vya hotelini. Aliniacha nimkumbatie, kwa subira, jinsi mtu anavyomvumilia mlevi barabarani.

Kisha akajitoa taratibu.

"Samahani, mama," akasema. "Mimi mgeni hapa. Huu ni mji gani?"

Hospitali walimpima kichwa, hawakuona kitu. Bi Ozema alipoisikia habari yote alishika kiuno. "Ulimwambia achague mwenyewe? Earline! Na ukampa na njia ya nyumbani? Huyo katoka majini, dari yako ya buluu itamzuia nini?" Nilipomwuliza ni nani, akasema wapo waliochukuliwa na mto ambao hawakuzikwa, na mtu wa namna hiyo hutafuta kwao hata kama si kwao. Zaidi ya hapo hakutaka kusema.

Ferdie ananiita mama mpaka leo. Kupika hajasahau. Anakumbuka hata Houston, tulikokimbilia wakati wa mafuriko makubwa. Anasema huko alikuwa na mke, mwanamke wa maneno mengi, mcheshi, na ana hamu naye sana. Huniuliza kama naweza kumsaidia kumtafuta. Nikimwambia ndiye mimi, hunionea huruma. Mji huu aliujua miaka yote akiwa nami, na yule wa majini alipouchukua kichwani mwake, nami nimeondoka nao.

Kila siku namtembeza. Upande wa mto, upande wa ziwa. Anasikiliza kwa adabu, na asubuhi hana hata neno moja.

Jana tulikuwa mezani, mimi na Ferdie, giza ndio kwanza linaingia. Feri ilikuwa imeshapiga honi. Nikasikia mtu akiteremka ngazi za tuta, akaruka moja. Bosco hakubweka. Bi Ozema, ambaye macho yake jioni hayafai kitu, akaita barazani kwake, "Habari za kazi, Ferdie!" Na mtu akamjibu, kwa kicheko cha Ferdie, ninachokijua tangu nikiwa msichana.

Ile harufu ikapita chini ya mlango.

Niliushika mkono wa mume wangu kwa nguvu zote. Bega likaugusa mlango kutoka nje, mara moja, bila haraka.

Ferdie akaweka kijiko chini, akajifuta mdomo, akasimama kwa heshima.

"Mama," akaninong'oneza, "nadhani mwenye nyumba amerudi. Mimi niende?"