Vipimo Vitatu Gizani

Krr. Kifuniko cha chupa kilizunguka gizani, kikasita, kikazunguka tena.

Stamili aliijua sauti hiyo kuliko alivyoijua sauti ya mlango wake mwenyewe. Ilikuwa saa moja na robo jioni, ghorofa ya thelathini na moja, katika jiji jipya la Mpwapwa, na mumewe Ndahani alikuwa amezima taa zote za sebuleni kama afanyavyo kila siku. Yeye Stamili alisimama ukutani, mkono karibu na swichi, akingoja. Ndahani alikaa kwenye kigoda akimwelekea, chupa katikati ya magoti. Katika giza lile ni vitu viwili tu vilivyoonekana: nukta za kijani, ndogo kama punje za ulezi, moja katika kila jicho lake.

Hayo ndiyo machoshahidi. Miaka hiyo hapakuwa na mpelelezi binafsi, kama alivyokuwa Ndahani, aliyeruhusiwa kufanya kazi bila kuwa nayo. Madaktari wa Baraza la Upelelezi waliyapandikiza mahali pa yale ya kuzaliwa nayo mtu, na tangu hapo kila alichokiona mpelelezi kilihifadhiwa, na kila alfajiri kikapelekwa Barazani. Hayakusikia, maana hayakuundwa kusikia, wala hayakuona gizani. Lakini palipokuwa na mwanga hayakukosea. Sura ya mtu anayetafutwa iliwekwa ndani yake, na sura hiyo ikipita mbele hata kwa sekunde moja, mteja aliyelipia msako aliarifiwa papo hapo. Kuyafunika kwa kitambaa au miwani ya giza ilikuwa jela. Ila mahakama haikupokea ushahidi wa mlevi, kwa hiyo yalipima damu ya mwenyewe, na pombe ilipofika kiwango fulani yalijizima, nukta zake zikazimika. Mtu akaendelea kuona, lakini hakuna kilichohifadhiwa.

Stamili aliyajua hayo yote. Alichokichukia ni ile chupa.

Miaka mitatu sasa. Pombe kali ya zabibu, vipimo vitatu, katika kikombe kidogo cha kahawa chenye mpini uliokatika. Havipungui, havizidi. Ndahani hakunywa harusini wala na wenzake wa kazi. Hakunywa akiwa na furaha, na akiwa na huzuni vilevile hakunywa zaidi. Alikunywa kama mtu anayemeza kwinini, akikunja uso, kisha anangoja nukta zizimike, kisha anasema, "Washa." Hapo ndipo binti yao Siwema, mwenye miaka sita, anaporuhusiwa kutoka chumbani. Wanacheza saa nzima. Halafu Ndahani anakwenda kulala, na asubuhi anaondoka kabla mtoto hajaamka. Siku za mapumziko anatoka vilevile, hata kama hana pa kwenda.

"Mume wako hata kulewa hajui, shoga," Mama Chiku wa mlango wa pili alimwambia siku moja kwenye lifti. "Wa kwangu akilewa anaimba, ananiita malkia, tunacheka. Wa kwako analewa kama anakwenda kupiga saini. Mlevi wa namna hiyo ni hasara tupu."

Stamili alicheka, lakini alipofika ndani alilia kidogo. Wiki mbili nyuma kitanda cha uchunguzi pale zahanati kilikuwa kimemsoma Ndahani kuanzia utosini hadi unyayoni, na daktari akamwita Stamili pembeni. Ini limeanza kuwa gumu. Akiendelea, mwaka mmoja, ukizidi sana miwili.

Mama Chiku huyohuyo ndiye aliyemwelekeza kwenye pombekivuli. Ni kinywaji kilichopikwa na mashine badala ya kuchachushwa: kinanuka, kinachoma koo, kina ganzi ya kuulegeza ulimi, lakini hakuna hata tone linaloingia kwenye damu. Mchana wa siku hiyo Stamili alimwaga kali ya zabibu yote kwenye sinki, akaijaza chupa, akakaza kifuniko. Alikuwa na matumaini. Alijiambia, akizoea kunywa kisicholevya, siku moja ataacha bila kujua. Nukta za kijani hakuziwaza kabisa.

Kwa hiyo jioni hiyo alisimama gizani akisikiliza. Kipimo cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Ndahani akapumua, akaweka kikombe sakafuni, akangoja muda wake wa kawaida.

"Washa, Mama Siwema," alisema, ulimi mzito. "Mwite binti yangu aje anisimulie ya shule."

Kidole cha Stamili kiligusa swichi. Halafu kikakaa hapohapo, kwa sababu zile punje mbili za kijani zilikuwa bado zikimtazama.

"Baba Siwema," alisema taratibu, "macho yako leo hayajazimika."

"Unasemaje?"

"Yanawaka. Nayaona."

Kigoda kililia. "Usiwashe. Stamili, nakuomba, toa mkono kwenye swichi."

Ndahani hakuwa amemwita kwa jina lake tangu wapate mtoto. Stamili alishusha mkono. Alisikia kikombe kikijazwa tena, koo likimeza, kikijazwa tena. Nukta hazikutikisika.

"Umeniwekea nini humu?"

"Pombekivuli." Sauti ilimtoka ndogo. "Daktari alisema ini lako linakufa. Wewe hutaki kusikia. Nilifikiri..."

Hakumaliza. Nyuma ya Ndahani mlango wa chumbani ulifunguka, na Siwema akasimama pale, amechoka kungoja kuitwa, kibao chake cha shule kikiwa kinawaka mikononi na kummulika uso mzima kutoka chini. Ndahani alisikia mlango. Shingo yake ilianza kugeuka kama inavyogeuka shingo ya baba yeyote.

"Fumba macho," Stamili alisema.

Hakujua kwa nini. Ni ile hofu aliyoisikia kwenye sauti ya mumewe, basi. Ndahani alifumba, kichwa kikiwa kimeshafika nusu ya njia. Stamili alivuka sebule kwa hatua tatu, akakichukua kibao, akakibana kifuani, na giza likarudi.

"Rudi ndani, mama," alimwambia mtoto. "Nitakuita."

Mlango ulipofungwa alikaa sakafuni mbele ya mumewe. Ndahani alikuwa bado amefumba, na ukijani hafifu ulipenya kwenye kope zake.

"Sasa sema," alisema Stamili. "Na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

Alisema. Miaka mitatu iliyopita tajiri mmoja, Bwana Luhende, alimlipa amtafute mtoto wa marehemu kaka yake, aliyetoroshwa na yaya. Ndahani aliwafuatilia wiki nzima bila kuwaona, mpaka Jumamosi moja, akitoka harusini, amekunywa kama watu wengine, akapigiwa simu na mwenye nyumba ya wageni kule Kibakwe. Alikwenda vilevile alivyokuwa. Yaya hakukimbia. Alimpandishia mtoto gauni akamwonyesha mgongo, kisha mikono. Alama za waya aliochapwa na Luhende, mpya juu ya za zamani.

"Siwema," alisema Stamili.

"Siwema."

Ndiyo maana ya lile gauni la mikono mirefu analolipenda. Zile alama alizoambiwa, siku Ndahani alipomleta mtoto, ni za moto, za nyumba iliyoungua na wazazi wake. Stamili alizipaka mafuta ya nazi kila Jumapili kwa miaka mitatu.

"Nilikwenda polisi," Ndahani aliendelea. "Wakauliza, macho yako yameona? Nikasema mimi nimeona, macho yalikuwa yamezimika. Wakacheka. Siku hizi mtu haaminiwi, mke wangu, yanaaminiwa macho yake. Na nikiyapeleka bila pombe, yamwone, Luhende anajua kabla polisi hawajajua. Analipia ule msako mpaka leo. Sura ya mtoto imo humu." Aligonga paji la uso kwa kidole. "Nikimtazama mtoto wangu nikiwa na akili zangu, dakika kumi baadaye wako mlangoni."

 Miaka mitatu Stamili alikuwa akidhani mumewe anazima taa ili anywe. Hakuwahi hata siku moja kuwaza kwamba anakunywa ili azime macho.

"Mbona hukuniambia?"

"Ukijua na wewe umeficha. Nilitaka mmoja wetu abaki wa kumlea."

"Na ini?"

"Nilipiga hesabu. Mtoto akifika miaka kumi, mahakama inamuuliza mwenyewe anataka kukaa na nani, na anachokisema kinaandikwa. Imebaki minne."

"Daktari amekupa miwili."

 Nje, vyombo vya kusafisha vioo vilipita dirishani vikivuma, vikaenda ghorofa ya chini. Stamili alimshika mikono. Ilikuwa baridi.

"Sasa hivi umefumba," alisema. "Macho yako yanadhani nini?"

"Yanadhani nimelala. Kope si kitambaa. Kope ni zangu."

"Kwa hiyo ungeweza kufumba tu. Siku zote hizi."

"Ningeweza."

"Ndahani. Bila tone moja la pombe?"

Sauti ya Ndahani ilikuwa ya mtu aliyeshikwa akiiba.

"Nilitaka kumwona."

Stamili aliweka kichwa chake kwenye magoti ya mumewe. Saa moja kwa siku. Hiyo ndiyo aliyokuwa akiinunua kwa ini lake: kumwona mtoto meno yakidondoka, mengine yakiota, saa moja kwa siku, yeye mwenyewe, bila Baraza ndani ya kichwa chake. Na sasa yeye Stamili ndiye aliyepaswa kumwambia aache.

"Nitakusimulia," alisema mwishowe. "Kila siku. Jino likidondoka nitakuwekea kiganjani. Akisuka nywele utazigusa. Hutamwona, sikudanganyi. Lakini akisimama mbele ya hakimu, nataka awe na baba wa kumtaja."

Ndahani aliinama mpaka paji lake likagusa nywele zake. Alitikisa kichwa kukubali, mara moja, akabaki hivyo.

Stamili aliondoka na chupa, akaimwaga. Alirudi, akamwangalia vizuri kama kope zimekaza, ndipo akawasha taa. Alimwita Siwema, akachuchumaa mbele yake.

"Kuanzia leo baba atakuwa anafumba macho akiwa nyumbani," alimwambia. "Si ugonjwa, na hajakukasirikia. Ila usimfumbue, hata kwa mchezo. Utakuwa unamshika mkono."

Siwema alimtazama baba yake kwa muda, kichwa kimeinama upande, jinsi anavyotazama hesabu ngumu. Alimnusa, harufu ni ileile ya kila jioni. Kisha akachukua vidole viwili vya mkono wake mkubwa, akaanza kumvuta kuelekea jikoni, kwenye chakula. Ndahani alitembea akipapasa hewa kwa mkono wa pili, miguu ikiburuzwa kama ya mzee, machozi yakipata njia yao chini ya kope zilizofungwa. Walipofika pale sebule inapokutana na jiko, mtoto alisimama, akamgusa goti.

"Baba, inua mguu, hapa pana ngazi."