Kioo Kilichopanda Kizima

"Hafidha, siku ya kumi na moja leo hapokei simu. Bado unamngoja?"

Ami Othman alikuwa amekaa juu ya robota la nguo, ofisini kwa binti wa kaka yake, jengo la Tianxiu, huko China. Hafidha ni wakala wa mizigo, na kwa kupanga kontena Guangzhou nzima inamjua.

"Alisema kazi itambana, Ami."

"Kazi gani hiyo isiyo na simu? Saa kumi watu wa Abdulsalam waliokuposa wanataka jibu. Gharib asipoleta posa, nawakubalia."

Hafidha akaitazama tena simu yake. Alimpenda Gharib, basi. Ubishi ndio uliowakutanisha, miaka sita nyuma, Gharib na wahandisi wenzake wakihangaika kukunja kioo cha darubini ya angani ili kienee kwenye roketi.

"Mnakikunja cha nini?" Hafidha alimcheka siku ile, hapa hapa ofisini. "Mteja akileta kabati silikati miguu. Natafuta kontena kubwa."

"Roketi kubwa ndiyo kwanza inaundwa."

"Isubirini, mkipakie kizima! Vya kukunjuliwa ndivyo vinavyokwama."

Gharib aliondoka hata chai hajamaliza.

Leo, saa tisa, simu ya Hafidha ikalia. Ujumbe wa Gharib! Akausoma kwa sauti:

"Roketi imeruka jana, darubini iko salama. Simu zetu zilikusanywa zote, leo ndiyo tumerudishiwa. Nimeshatua Guangzhou. Mshenga ninaye."

"Mshenga gani?" Ami akaguna. "Hana hata ndugu mmoja mji huu!"

Saa kumi kasoro dakika tano mlango ukafunguliwa. Gharib, shati limekunjamana, macho mekundu. Nyuma yake mzee wa Kichina mwenye suti, kashika barua ya posa kwa mikono miwili. Laoban Liang, yaani bosi Liang, mkuu wa mradi wenyewe wa darubini!

"Asalamu alaykum," mzee akasema polepole, kwa Kiswahili alichokariri ndegeni. "Nimekuja kuposa."

Ami akacheka bila kutaka. Mzee akaendelea kwa Kichina, na Gharib akafungua mdomo kutafsiri.

"Alaa! Muoaji hajisemei," Ami akamkata. "Hafidha, tafsiri wewe."

"Anasema... walibishana miaka mitatu namna ya kukunja kioo. Anasema wakala wa mizigo ndiye aliyewaambia wasubiri chombo kikubwa. Kioo kimepanda kizima, Ami, kipana kuliko ofisi hii. Anasema..."

Machozi yakamtoka mbele ya watu.

"Anasema nini, mwanangu?"

"Anasema kichwa kama hiki kisiozwe kwa mtu asiyekijua."

Ami akainuka. Akaipokea barua, akaibusu, akaitia mfuko wa kanzu. Kisha akapiga simu, kifua mbele.

"Ahlan, Abdulsalam? Mtuwie radhi, binti yetu ameshaposwa... Binti gani? Hebu fungua taarifa ya habari uione ile darubini. Mwenye akili ya kuipakia ndiye huyo, na ni damu yangu!"