Kifungo Kisicho na Matundu

Mdomo wa Chiriku haukujua kupumzika. Mama yake mdogo ndiye aliyembandika jina hilo, na wala hakumwonea. Akirudi shuleni, kabla hata hajavua viatu, alikuwa ameshasimulia nani kaanguka uwanjani, mwalimu kasema nini na nani kajibu ovyo. Kisha alinawa mikono, akaketi kwenye kigoda kando ya cherehani na kuanza kazi yake: kutunga uzi kwenye sindano, kuokota pini sakafuni kwa sumaku na kushona vifungo.

Mama mdogo alikuwa fundi wa nguo aliyesifika mtaa mzima. Mumewe aliendesha lori la safari ndefu, kwa hiyo alipopata ujauzito alihamia kwa dada yake, yaani mama yake Chiriku, pamoja na cherehani yake. Sasa tumbo lilikuwa limekua hata likawa linagusa meza.

"Huyu naye atakuwa fundi," alikuwa akisema, huku akiuweka mkono wa Chiriku tumboni. "Sikia anavyokanyaga pedali!"

Siku moja walikuwa wakimalizia mashati ya sare. Chiriku alitia mkono kwenye kopo la vifungo, akatoa kimoja cheupe na kutafuta pa kupitisha sindano. Akakigeuza. Akakigeuza tena.

"Mama mdogo, mbona hiki hakina matundu?"

Cherehani ilinyamaza. Mama mdogo alimpokonya kidude kile kwa haraka hata sindano ikamchoma Chiriku kidoleni.

"Hicho si kifungo. Ni dawa yangu ya mgongo."

"Mbona iko humu?"

"Wee mtoto, una maswali kama polisi!" Alijaribu kucheka, akashindwa. Akainama na kunong'ona. Kabla ya ujauzito alianguka ngazini, daktari akamwandikia vidonge vikali vya maumivu. Mgongo ulipona, lakini vidonge vilimganda. Asipomeza, mwili mzima unamkataa. "Nanunua kwa kificho. Kliniki hawajui. Wakijua, watanichukulia mtoto wangu. Mama yako naye atanifukuza. Niapie hutasema."

Chiriku akaapa. Tangu hapo aliingiwa na hofu ambayo hakuwahi kuijua.

Kumbe ukishajua jambo, unaanza kuona mengi. Alimwona mama mdogo akisinzia kwenye cherehani, kichwa kikimwanguka huku sindano ikipiga karibu kabisa na kidole. Alimwona fundi yule asiyekosea akishona mkono wa kulia upande wa kushoto. Na alipogusa tumbo, hakuna aliyekanyaga pedali yoyote.

"Amelala tu," mama mdogo alisema kwa ulimi mzito.

Chiriku hakuamini. Chakula kilimshinda. Shuleni wenzake walimtania, "Jamani, leo Chiriku kapoteza ufunguo wa mdomo?" Mama yake, aliyekuwa dobi kwenye kibanda kando ya barabara, alimgusa paji la uso akidhani ana homa. Maneno yalimjaa Chiriku kooni, akayameza. Si alikuwa ameapa?

Basi akaamua kutibu mwenyewe. Daktari wa kopo la vifungo! Asubuhi, mama mdogo akiwa bafuni, alilimwaga kopo mezani, akavichambua vidonge vyote, akavitupa chooni. Akaenda shule na moyo mwepesi, akijiona kaokoa watu wawili bila kuvunja kiapo.

Jioni ile mama mdogo alilipekua kopo hadi chini. Kesho yake Chiriku aliporudi, hakusikia cherehani. Mama mdogo alikuwa amejikunja sakafuni, jasho likimtiririka, meno yakigongana, mikono yote miwili imeshika tumbo.

"Ni wewe uliyevitoa vidonge?" aliuliza. Hakuwa na hasira. Alikuwa anaogopa, na hilo lilimtisha Chiriku kuliko kofi. "Tumbo linakaza. Mtoto anahangaika. Mungu wangu!"

Nimewaua, Chiriku alijiambia. Nimewaua wote wawili. Akatoka mbio, kiatu kimoja mguuni, hadi kibandani.

"Mama! Mama mdogo anaumwa!"

Mama aliitua pasi bila kuuliza, akasimamisha teksi, wakamchukua mgonjwa hadi kituo cha afya. Mkunga mmoja mnene, mwenye sauti ya taratibu, alimlaza kitandani na kumpima.

"Kuna dawa yoyote unayotumia, mama?"

"Hakuna," mama mdogo alijibu. "Ni homa tu."

"Hata ya maumivu?"

"Nimesema hakuna." Akamkazia Chiriku macho.

Chiriku alishika ukingo wa kitanda. Aliogopa mtoto kuchukuliwa. Aliogopa mama mdogo kufukuzwa, na kwamba hatamsemesha tena maisha yake yote. Lakini aliliona tumbo likikaza chini ya shuka, na hilo aliliogopa zaidi.

"Ipo!" Sauti ilimtoka kwa kishindo. "Anameza vidonge vya maumivu kila siku. Huvificha kwenye kopo la vifungo. Jana asubuhi nilivitupa vyote chooni. Ni mimi!" Akaangua kilio.

Mama alishika mdomo. Mama mdogo akageukia ukutani.

Mkunga hakufoka. Alikwenda haraka kumwita daktari, na daktari akaja akatoa dawa. Baadaye mkunga aliweka kifaa cha kusikilizia tumboni, na chumba kikajaa mlio, du-du-du, kama cherehani inayokimbia.

"Moyo wake huo," alisema. "Yupo."

"Hamtanichukulia mtoto?" mama mdogo aliuliza.

"Tumchukue tumpeleke wapi, na maziwa unayo wewe?" Mkunga alimfuta jasho. "Wewe si mama mbaya. Vidonge vile mwili ukivizoea, vinamshika mtu. Kuviacha ghafla kunaweza kumdhuru mama na mtoto. Daktari atakupa dawa inayokufaa, kwa kipimo, na tutakuangalia. Ila usinifiche tena."

Mama alimkumbatia mdogo wake. "Mjinga wewe! Ulibeba haya yote peke yako, na mimi nipo?"

Kisha mkunga akamgeukia Chiriku. "Umekosea kuvitupa vidonge. Dawa ya mtu haiongezwi wala haikatwi bila daktari. Lakini kwa kusema, umefanya vizuri sana. Siri inayohatarisha maisha ya mtu, mwambie mtu mzima unayemwamini, hata kama uliapa. Na mweleze mapema, usingoje kama leo."

Wiki kadhaa baadaye mtoto alizaliwa, wa kike, mdogo kiasi. Alibaki hospitalini akiangaliwa mpaka daktari aliporidhika. Siku alipoletwa nyumbani, mama mdogo, ambaye bado alikuwa akihudhuria matibabu, aliketi karibu na cherehani na kumwita Chiriku amshike. Chiriku alisogea taratibu, akampokea.

"Bado umenikasirikia?"

"Siku ile? Lo! Ningeweza, ningekushona mdomo kwa uzi mara mbili." Mama mdogo alicheka, machozi yakamtoka. "Namshukuru Mungu sikuweza. Mimi nilinyamaza, nikakaribia kumpoteza huyu. Wewe ulisema, na ndiyo sababu umemshika leo. Haya, mdogo wako anasubiri. Hebu msimulie habari za shule."

Chiriku alimtazama mtoto, akavuta pumzi, akaanza kusimulia, na hakunyamaza mpaka chakula kilipoiva.