Ukurasa wa Mwisho wa Leonard Stennett

Jumamosi, Novemba 10, 1956, saa 2:40 asubuhi, Hilda Stennett alisimama mbele ya kisanduku cha kioo katika kanisa la Thornby akapiga ukelele. Mchungaji alitoka mbio na kikombe chake cha chai.

Kaka yake, Leonard, alikuwa mwongoza njia wa ndege ya mabomu. Aliuawa angani mwaka 1943, akiwa na miaka ishirini na mmoja, ameinamia ramani zake. Daftari lake la safari lilikuwa limeletwa kanisani jana tu, lisomwe kesho kwenye ibada ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Sasa ukurasa wa mwisho ulikuwa umechanwa, na mwingine kubandikwa mahali pake. Uliandikwa kwa wino: "Nimepotea njia. Kosa ni langu."

"Mwandiko kama wake kabisa," Hilda alimwambia Sajenti Pinchbeck wa polisi. "Lakini gundi hata haijakauka! Maiti anasingiziwa, Sajenti!"

"Nani mwingine anaujua mwandiko wake?"

"Bwana Langrick, mwenyekiti wa kamati ya ibada. Nilimwazimisha barua zote za Leonard."

Kijiji hakikungoja ushahidi. Kilimtaja Tebbutt, mlevi aliyekuwa mpiga bunduki wa ndege ileile. Ndiye aliyelificha daftari miaka kumi na mitatu, na ndiye aliyelileta.

Saa 5 Tebbutt aliletwa kanisani. Aliutazama ukurasa, akacheka kwa uchungu.

"Wino? Kule juu wino unaganda, Sajenti, na kalamu inakutapikia mkononi. Len alitumia penseli, kila baada ya dakika sita anaandika, tena anakandamiza kama anachonga. Ningeghushi mimi, ningeghushi kwa wino?"

"Kwa nini ulilificha?"

"Ndege ilirudi, nami nilimwogopa rubani. Naye alipokufa baadaye, nikaona haya. Basi."

Rubani huyo alikuwa Ralph Langrick, fahari ya kijiji. Saa 6:15 kaka yake, mwenyekiti, aliingia na ua jekundu la karatasi kifuani, lile la kuwakumbuka waliokufa vitani. Watu wengine hawana hata chembe ya aibu.

"Bwana Langrick, wakati wa vita ulikuwa wapi?"

"Ghala la viazi. Moyo wangu mbovu, kila mtu anajua."

"Kwa hiyo hukuwahi kuruka. Ulinakili mwandiko kutoka kwenye barua, na barua ziliandikwa mezani, kwa wino. Ufunguo wa kisanduku unao wewe na mchungaji tu."

Uso wa Langrick uliiva kwa hasira. "Ralph alipewa nishani! Mama yetu yu hai! Mlevi huyu aje kumchafua mwanawe kanisani?"

"Ukaona bora umchafue kaka yangu!" Hilda alifoka.

"Ukurasa wa kweli nimeuchoma. Mtasoma nini?" Langrick aliuliza.

Sajenti alifungua karatasi iliyofuata, ile tupu, akailaza penseli ubavu na kuisugua polepole. Mikandamizo ya Leonard ikatokea, myeupe. Hilda aliinama akasoma kwa sauti.

"Saa 3:14. Nimemwambia Ralph ageuke kushoto. Amekataa.

"Saa 3:20. Nimemwambia tena. Mizinga iko mbele yetu.

"Saa 3:26."

Baada ya hapo hapakuwa na kitu. Tebbutt alivua kofia yake.

"Kesho nitasoma mwenyewe," Hilda alimwambia Langrick. "Nikifika 3:26 nitanyamaza. Na wewe utakaa mbele, ubavuni mwa mama yako, unisikilize nikinyamaza."